Adabu ya Macho

Shule zifungapo mwezi wa Desemba, barabara zetu hujaa watu. Wengi huenda kwao kuwaamkia wazee, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani. Lakini miaka hii limeongezeka jambo jingine ambalo babu zetu hawakulijua: baba na mama huwachukua watoto wao, hufunga chakula kikapuni, wakaenda mlimani kutazama wanyama. Nao si wageni wa kutoka ng'ambo, ni wananchi: waalimu, wauguzi, mafundi, wachuuzi. Langoni pa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, utawaona wakishuka katika basi dogo walilolikodi kwa kuchangiana, na watoto, hata kabla kiingilio hakijalipwa, huuliza kama simba wapo.

Jambo hili ni jema, wala hatuna nia ya kulilaumu. Lakini kila jambo jema lataka kufikiriwa, maana lisipofikiriwa hugeuka desturi tupu. Basi twauliza: mtu amtazamapo mnyama wa porini, asimwinde, asimle wala asimfuge, atenda nini hasa? Je, ni mchezo wa kupitisha siku tu, au ni tendo lenye uzito mbele ya dhamiri? Na kama lina uzito, latudai nini sisi tutazamao?

Wako wasemao kwamba swali hili ni la watu walioshiba. Husimuliwa mara nyingi kwamba Mwalimu Nyerere alisema yeye mwenyewe hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila ajua kwamba ng'ambo wako watu wenye hamu hiyo, nao wataleta fedha. Ikiwa ndivyo alivyosema, hakusema la peke yake. Wengi waliwaza hivyo, na hata leo wako wawazao hivyo. Walakini Mwalimu huyo huyo, mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, alitoa tamko mjini Arusha juu ya wanyama wa pori. Katika tamko hilo aliahidi, kwa niaba ya taifa lililokuwa karibu kuzaliwa, kwamba tutajitahidi kwa nguvu zetu zote ili wajukuu wa watoto wetu wapate kuufurahia urithi huu. Tukihesabu miaka, wajukuu hao ndio hawa wafikao leo langoni na vikapu vyao.

Ahadi hiyo haikuwa ya fedha peke yake. Fedha ni faida ya kweli, na asiyeijali hajapata kutafuta ada ya shule ya mtoto. Lakini thamani ya mnyama ikiwa ni fedha tu, basi siku fedha ikosekanapo mnyama naye hana thamani. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalifunga viwanja vya ndege, na mapato ya utalii yakakatika ghafla katika nchi nyingi. Je, mbega wa Meru alipungukiwa na kitu siku zile? Twiga wa Momella alikuwa nusu twiga? Kila mtu ajua jibu. Pana thamani nyingine basi, isiyopanda wala kushuka pamoja na bei ya tikiti, nayo ndiyo ituhusuyo leo.

Wengine husema tena: kutazama wanyama ni desturi ya Wazungu, Mwafrika alimtazama mnyama ili amwinde au amkimbie. Neno hili si kweli, nalo latudhulumu. Nani aliyetunga hadithi za sungura na fisi, kama si watu waliokaa kimya wakaona jinsi fisi aendavyo akichechemea, na jinsi sungura akaavyo ametega masikio? Koo nyingi za nchi yetu zilikuwa na mnyama wao wa mwiko, asiyeuawa wala kuliwa na mtu wa ukoo ule. Huko nako ni kumtazama mnyama kwa macho yasiyotafuta nyama.

Tena liko jambo lililotokea katika Mlima Rungwe, kusini mwa nchi yetu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mmoja wa msituni, ambaye jina lake ni kipunji. Wataalamu waliosikia habari hizo walishuku kwamba huenda ni mnyama wa hadithi tu, maana wazee wa huko walisimulia pia habari za viumbe vya mizimu. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao. Mwaka 2005 walimtangaza kwa ulimwengu. Na mwaka 2006 ikathibitika kwamba yuko mbali na jamaa zake wote hata akastahili kupewa jenasi yake peke yake. Jina lake la kitaalamu hata leo lina neno kipunji ndani yake. Ulimwengu ulisema umegundua. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona. Basi baba ampelekaye mtoto wake mlimani asidhani kwamba anaiga ugeni. Anarudi kwenye jambo la kwao, lililosahauliwa kwa muda.

Turudi sasa Meru, tupate kulijibu swali letu la kwanza. Ndani ya hifadhi ile kuna mahali paitwapo Ngurdoto. Ni kasoko, yaani shimo kubwa lililoachwa na mlima wa moto uliokufa. Upana wake wapata kilomita 3, na kuta zake zimevikwa msitu mpaka chini, ambako kuna nyasi na matope wayapendayo nyati. Mahali hapo palifanywa hifadhi mwaka 1960, na mwaka 1967, Mlima Meru ulipounganishwa nayo, hifadhi nzima ikapata jina la Arusha. Sheria ya Ngurdoto ni moja: mgeni husimama juu, ukingoni, akatazama. Hashuki. Hata awe tajiri, hata awe ametoka mbali namna gani, hashuki.

Mtoto afikapo ukingoni huuliza mara moja: kwa nini tusishuke? Si barabara yaweza kuchimbwa? Naam, yaweza kuchimbwa. Wanadamu wamechimba barabara mahali pagumu kuliko hapo. Jibu ni kwamba mle ndani si mwetu. Nyati wale hawako pale kwa ajili yetu. Tusipofika watakula nyasi zao vile vile, na tukifika hawatatuongezea lolote. Mzazi awezaye kumpa mtoto wake jibu hili, naye akalisema bila haya, amemfundisha jambo ambalo vitabu vingi hushindwa kulifundisha: ya kwamba tunaweza kufanya jambo, na bado tusilifanye, kwa heshima ya kiumbe kisichoweza hata kutushukuru.

Si mbali na ukingo huo, penye Momella, palipigwa sehemu ya filamu ya Marekani iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari!, ambamo John Wayne alikuwa mkuu wa kikosi cha kuwakamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Katika filamu ile faru na twiga hufukuzwa kwa motokaa na kutiwa kamba, na watazamaji wakashangilia. Hatusemi kwamba watu wale walikuwa waovu. Walifuata mawazo ya siku zao. Lakini tazama jinsi mahali pamoja palivyoona njia mbili za mwanadamu kumkaribia mnyama: njia ya mkono na njia ya jicho. Mkono hutwaa. Jicho huacha kitu pale pale kilipo. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alikwisha kunena kwamba katika hisi zetu zote kuona ndiko tukupendako zaidi, hata pale ambapo hatuna kazi ya kufanya. Kupenda kuona bila kutaka kutumia ni alama mojawapo ya utu.

Na jicho lililotulia huona nini? Mchukue mbega, yule mweusi mwenye joho jeupe mabegani, akaaye katika miti ya Ngurdoto. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi za mbega zilisafirishwa kwa wingi Ulaya, zishonwe mavazi ya mtindo. Na sisi wenyewe tulizivaa katika ngoma na mashauri. Mkono ulimjua mbega kuwa ni ngozi. Jicho lamjua kuwa ni jamaa. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, na majike wengine wa kundi humpokea, wakampakata, wakampa mwenziwe, kama wafanyavyo mama zetu na shangazi zetu nyumbani kwa mzazi. Hafanyi hayo ili sisi tuone. Alikuwa akiyafanya kabla ya hifadhi, kabla ya barabara, kabla ya jina la Meru. Mtu aonaye hayo kwa nusu saa ameng'olewa, japo kwa kitambo, katika kosa kubwa la moyo wetu, yaani kudhani kwamba sisi ndio nguzo ya kila kitu.

Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba tusiwatendee wanyama ukatili, kwa kuwa mtu aliye mkatili kwa wanyama hujizoeza ugumu wa moyo, mwisho akawa mkatili kwa wanadamu wenziwe. Neno hilo ni la kweli, na kila mwalimu aliyemwona mtoto akimtesa mbwa alijua. Lakini twaona halitoshi. Katika fundisho hilo mnyama bado ni chombo cha kumzoezea mwanadamu wema, kama ubao wa kuandikia. Sisi twathubutu kusema zaidi: mbega astahili kuachwa na amani yake kwa sababu ana maisha yake mwenyewe, yenye njaa yake, hofu yake na watoto wake. Faida tuipatayo sisi ni kweli, lakini huja nyuma, kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Hata hivyo wahenga walisema: macho hayana pazia. Jicho lenyewe laweza kugeuka mkono. Mtu aliyelipa kiingilio hufikiri kwamba amenunua mnyama kwa siku moja, kwa hiyo humsihi dereva asogee zaidi, apige honi, atoke njiani. Hupiga miluzi ili twiga ageuze uso kwa simu. Humtupia nyani ndizi ili watoto wacheke. Ndizi ile ni kitu kidogo, na moyo ulioitupa labda ulikuwa mwema. Lakini nyani aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya. Na siku amrarupo mtoto mkono, huitwa mnyama mkorofi, akapigwa risasi. Ukarimu wetu wa dakika moja ndio hukumu yake.

Kwa nini twasahau adabu tuliyo nayo nyumbani? Mtu wa kwetu haingii nyumba ya mwenziwe bila kupiga hodi. Akipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi, hata kama amesikia sauti ndani, hata kama ametembea nusu ya siku. Hasemi: nimechoka, kwa hiyo mlango ni wangu. Adabu hii twaijua tangu utoto. Haitupasi kujifunza mpya, ila kuipeleka ile ile mpaka mlimani. Kusimama ukingoni pa Ngurdoto ni kupiga hodi. Kukaa kimya ndani ya gari ni kupiga hodi. Na siku ambapo hakuna mnyama aliyejitokeza, tukarudi tumeona miti na ukungu tu, hapo pia hatukudhulumiwa. Wenyewe hawakutuitikia, na ilikuwa haki yao.

Yuko atakayesema kwamba hii ni adabu ya maneno, isiyo na uzito. Na aende kwa mawazo katika milima ya Virunga, penye mpaka wa Rwanda, Uganda na Kongo, wanakoishi gorila wa milimani. Huko umbali si adabu tu, ni uhai. Gorila amekaribiana nasi mno kwa mwili, hata mafua yetu ya siku tatu yaweza kumwua. Kwa sababu hiyo watu wapelekwao kulitazama kundi moja kwa siku hawazidi 8, na muda wao ni saa moja. Mwenye kikohozi hana ruhusa ya kwenda, na mtoto asiyetimiza miaka 15 hachukuliwi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 gorila wa Virunga walikuwa wamepungua hata hawakufika 300. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019, pamoja na wale wa msitu wa Bwindi, zilipata jumla ya 1,063. Waliokolewa na mengi, na mojawapo ni hili, kwamba watu waliowapenda walikubali kusimama mbali.

Hebu mzazi afikiri maana ya sharti lile la miaka 15. Mtoto mwenye miaka 10 anayetamani kumwona gorila huambiwa: ngoja. Haambiwi kwamba shauku yake ni mbaya; haambiwi kwamba hana fedha. Aambiwa kwamba pumzi yake mwenyewe yaweza kumwua yule ampendaye. Ni somo zito kwa mtoto, na kwa mtu mzima pia, maana wangapi katika nyumba zetu hawajajua kwamba mapenzi yasiyojua kungoja hudhuru?

Wala tusifikiri kwamba furaha ya macho haina gharama kwa watu. Tarehe 24 Aprili mwaka 2020, upande wa Kongo, walinzi 12 wa Hifadhi ya Virunga waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva na raia 4. Nao hawakuwa wa kwanza. Mtu atazamaye mnyama katika nchi ile atazama kitu kilicholindwa kwa damu ya mtu, baba wa watoto kama yeye.

Na hapa twafika penye neno gumu kuliko yote, ambalo haifai tulipite kimya kimya. Kando ya kila mlima wa hifadhi kuna jirani alimaye. Sisi twaja siku moja, twafurahi, twaenda zetu. Yeye hubaki na tembo, na nyani, na ngiri. Mahindi aliyoyapalilia kwa miezi huliwa kwa usiku mmoja. Tena Wameru wana kumbukumbu yao. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, kando ya mlima huu huu, ili ardhi ipewe walowezi; na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hawakuondolewa kwa ajili ya wanyama. Lakini watu waliokwisha kuambiwa na serikali ya kigeni kwamba ardhi yao yamfaa mwingine kuliko wao, hawawezi kusikia neno hifadhi kwa sikio jepesi. Mtu wa mjini akimwambia mkulima huyo kwamba mnyama ni urithi wa taifa, kisha asimwulize habari za shamba lake, amemtukana.

Serikali yetu imelitambua jambo hili. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yaitwayo kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa shamba na wanyama wakali, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yanasema kweli kuliko tunavyodhani. Hayasemi fidia, yasema kufuta tu, maana nani awezaye kumlipa mama bei ya mwanawe? Rwanda nayo tangu mwaka 2017 hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa ajili ya vijiji jirani. Haya ni mema, na yafanywe kwa wakati, si baada ya mkulima kuzeeka akingoja. Ila haki haikomei katika malipo. Sisi tutazamao tuna deni letu pia, nalo ni kumwona jirani wa mlima kwa macho yale yale tuliyomwonea mbega: mtu mwenye maisha yake, asiye kizuizi cha picha yetu. Mtoto afundishwaye kumheshimu mnyama na kumdharau mkulima hajafundishwa heshima, amefundishwa upendeleo.

Basi, wazazi wapendwa, likizo ifikapo nanyi mkiwa na uwezo, nendeni mlimani. Lakini msimwahidi mtoto simba, kwa maana hamna simba mfukoni. Mwambieni kwamba mnakwenda kupiga hodi, na atakayeitika ataitika. Mkifika, zimeni redio. Chakula chenu kuleni ninyi, na maganda yake rudini nayo. Mtoto akihesabu wanyama aliowaona kama ahesabuye magoli, mwacheni ahesabu, kisha mwulizeni swali la pili: yule uliyemwona alikuwa akifanya nini, na nani alikuwa pamoja naye? Na mtokapo langoni msikimbilie barabara kuu. Nunueni ndizi kwa mama aketiye pale kando, mwamkieni, mwulizeni mvua ilikuwaje na kama nyani wamemwachia kitu. Hiyo nayo ni sehemu ya safari, nayo ni funzo kubwa kwa mtoto.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawa tuwapelekao leo watakuwa kesho wenye kushika kalamu: watakata mipaka, watatoa vibali vya misitu na mito na madini, watawahamisha watu au watawaacha. Wengine watasimama mbele ya kitu kizuri kisicho na mtetezi, huku wana uwezo wote wa kukitwaa. Siku hiyo hakuna sheria itakayowatosha kama moyoni hamna mazoea ya zamani, ya kusimama ukingoni, kutazama, na kutokushuka. Mazoea hayo huanza mapema, wala hayahitaji mali nyingi.